'Delve' limekosa nini?

Kuna kitenzi cha Kiingereza ambacho miaka michache tu iliyopita kilikuwa kinajipitia zake bila kutazamwa na mtu, na leo kikionekana kwenye barua ya maombi ya kazi kinatosha kuifanya barua hiyo isisomwe hadi mwisho. Kitenzi chenyewe ni "delve". Maana yake ya kawaida ni kulichimbua jambo, kulizamia, kulitafiti kwa kina. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, neno hili limegeuzwa kuwa alama ya mwizi: likionekana, basi aliyeandika si mtu, ni mashine. Wapo walimu wanaolizungushia wino mwekundu, wapo wahariri wanaolifuta hata kabla ya kumaliza sentensi yake, na wapo waandishi wanaojipekua wenyewe kabla hawajapekuliwa.

Sikatai kwamba kuna jambo lililotokea. Limetokea, na limepimwa. Ninachokataa ni namna linavyosomwa. Takwimu zinazoonyesha kwamba "delve" limeongezeka ghafla zinatueleza habari za mamilioni ya maandishi yakiwekwa pamoja. Kuhusu andiko moja lililo mezani, la mtu mmoja mwenye jina lake, hazitoi hukumu. Na anayelifanya neno hili kipimo cha kumtenga mtu na mashine, mara nyingi bila kujua anapima kitu kingine kabisa: mwandishi huyo alijifunzia wapi Kiingereza chake.

Tuanze na vipimo vyenyewe, maana vinatajwa sana na kusomwa kidogo. Watafiti waliokuwa wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, walipitia ikisiri, yaani muhtasari unaotangulia makala, zaidi ya milioni 15 za makala za tiba na baiolojia zilizomo katika hazina ya PubMed, kuanzia mwaka 2010 hadi 2024. Njia waliyotumia waliiazima kwa wanaohesabu vifo wakati wa janga. Wakati wa UVIKO-19, wataalamu walilinganisha vifo vilivyotokea na vile ambavyo vingetarajiwa katika mwaka wa kawaida, na tofauti yake wakaiita vifo vya ziada. Hawa nao walitafuta maneno ya ziada: neno fulani lingetarajiwa kutokea mara ngapi kama mambo yangeendelea kama zamani, na limetokea mara ngapi kweli. "Delves" ndilo lililopaa kuliko mengine, zaidi ya mara 20 ya ilivyotarajiwa. Kwa kujumlisha maneno mengi ya namna hiyo, wakakadiria kwamba angalau asilimia 13.5 ya ikisiri za mwaka 2024 zilipitia mkononi mwa akili mnemba. Kuna kitu kidogo walichokiona ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko asilimia yenyewe. Maneno yaliyofurika mwaka 2020 na 2021 yalikuwa nomino, majina ya mambo yaliyokuja na janga, kama virusi vya korona. Yaliyofurika mwaka 2024 yalikuwa vitenzi na vivumishi. Hakuna kitu kipya kilichohitaji jina. Kilichobadilika ni namna ya kusema.

Mashaka haya hayakusubiri maabara. Hata kabla utafiti huo haujatolewa hadharani, Aprili 2024, Paul Graham, mmoja wa waasisi wa Y Combinator, kampuni ya Marekani inayofadhili kampuni changa za teknolojia, aliandika kwenye mtandao wa X kwamba mtu fulani alimtumia barua pepe ya kumpendekezea mradi, naye akaona ndani yake neno "delve". Hakuwa na haja ya kuongeza la zaidi, wasomaji wake walishaelewa anamaanisha nini. Waliomjia juu kwa wingi walikuwa Wanaijeria. Kwetu, walisema, hili ni neno la kawaida: tunaliandika ofisini, tunalisoma kwenye kitabu cha shule, tunalisikia mahubirini. Mabishano yale yakapita kama yapitavyo ya mtandaoni, kwa kejeli nyingi na ushindi wa kila upande, lakini swali lililokuwa chini yake halikujibiwa: neno hili ni la nani?

Hapo ndipo inapofaa kulifukua neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, lilikuwa "delfan", na halikuwa na usomi wowote ndani yake. Lilikuwa neno la mikono na udongo: kuchimba shimo, mtaro, kaburi. Ndugu yake yuko Uholanzi hadi leo. Kwa Kiholanzi "delven" ni kuchimba, madini huitwa "delfstoffen", yaani vitu vya kuchimbwa, na mji wa Delft ulipata jina lake kutokana na mfereji uliochimbwa hapo. Waingereza wa zama za kati walipotaka kusema mtu ametoweka kabisa duniani walisema ni "dead and dolven": amekufa, na udongo umeshamfunika. "Dolven" ni "delve" hilohilo katika umbo lake la zamani, lililobadilika kwa kugeuza irabu ya katikati.

Mfano wake maarufu kuliko yote ulitoka kinywani mwa padri aliyekuwa akiwahubiria wakulima waasi. Juni 1381, pale Blackheath nje ya London, John Ball aliwauliza waliomzunguka swali ambalo Waingereza hawajalisahau: Adamu alipochimba na Hawa aliposokota nyuzi, mwungwana alikuwa nani? Kitenzi alichopewa Adamu katika ubeti ule ndicho hiki tunachokijadili. Julai mwaka huohuo Ball aliuawa hadharani huko St Albans. Kwa hiyo neno ambalo leo linaonekana la majivuno, la mtu anayejikweza kwa msamiati, lilitumika wakati ule kuwauliza mabwana walipata wapi ubwana wao. Sijui kama kuna kitenzi kingine cha Kiingereza kilichobadilishiwa nguo kiasi hicho.

Nguo zilibadilishwa pole pole. Kuanzia karne ya 14 hivi, "dig", kitenzi kingine cha kuchimba, lilianza kushika jembe na "delve" likaanza kusogea kando, likabaki katika lahaja za kaskazini na katika vinywa vya washairi. Shakespeare alilitumia kwa njia zote mbili. Katika Hamlet, mwana wa mfalme anaahidi kuchimba yadi moja chini ya mashimo ya baruti ya maadui zake ili awalipue wenyewe, na hapo bado tuko kwenye udongo ingawa shimo ni la maneno tu. Katika Cymbeline, mtu anaulizwa nasaba ya kijana mmoja naye anajibu kwamba hawezi kumchimba hadi kwenye mzizi. Udongo umeondoka hapo. Kinachochimbwa ni habari. Kiswahili kimepita njia hiyohiyo bila kuelekezwa na mtu. Kutoka kuchimba tukapata kuchimbua, na kutoka hapo tukapata chimbuko, ambalo ndilo neno tunalolitumia tunapouliza asili ya neno. Anayesema "chimbuko la neno" ameshika jembe bila kujitambua. Basi sitiari hii si pambo lililobuniwa na programu ya kompyuta. Ni njia ambayo akili ya binadamu huipenda, kwamba ukweli uko chini na kuufikia ni jasho.

Turudi sasa kwenye mashtaka, na tuanze na lililo dhaifu kuliko yote kwa sababu ndilo linalosikika zaidi: eti hakuna mtu wa kawaida anayesema "delve". Linasemwa kwa uhakika wa kushangaza na watu wasiojiuliza "kawaida" hiyo ni ya nani. Waingereza husema kila siku kwamba fulani alipekua mkoba wake kutafuta funguo, na kitenzi chao cha kupekua hapo mara nyingi ni hikihiki. Waandishi wa habari wamekitumia miaka yote wanapofungua mafaili ya serikali. Na kwa mamilioni ya watu waliojifunza Kiingereza darasani, kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa lugha ya heshima, hakukuwahi kuwa na ukuta kati ya neno la kitabuni na neno la kusemea. Mtu wa namna hiyo akiandika "delve" hajavaa koti la kuazima. Hilo ndilo koti alilopewa tangu darasa la kwanza. Kinachoitwa kawaida, ukikichunguza, ni mazungumzo ya kundi fulani la watu wa Marekani na Uingereza, ambao kwao neno lolote la silabi nyingi au lenye umri mkubwa linanuka bidii.

Shtaka la pili lina uzito, na silikwepi. Mtu anaweza kusema: haya ya Shakespeare ni mazuri, lakini kama neno limeongezeka zaidi ya mara 20 ndani ya miaka miwili, basi kati ya kila mara 20 linapoonekana sasa, karibu 19 ni za mashine. Kwa nini basi nisilitilie shaka? Hesabu hiyo ni sahihi mahali ilipofanyiwa. Mbele ya ikisiri ya tiba ya mwaka 2024 yenye "delves", anayebashiri kwamba mashine iligusa sentensi ile atapatia mara nyingi kuliko atakavyokosea. Ila angalia ni nini hasa amebashiri. Amebashiri kwamba mashine iligusa sentensi, si kwamba iliandika makala, achilia mbali kwamba ilifanya utafiti. Mtafiti aliyekaa miaka mitatu na sampuli zake za damu, kisha akaiomba programu imnyooshee Kiingereza cha ikisiri, anaingia katika hesabu ileile pamoja na tapeli ambaye hajawahi kuona maabara. Takwimu haiwezi kuwatenganisha, kwa sababu haikukusudiwa kuwatenganisha.

Kisha kuna kosa la kuichukua mizani ya sonara ukaenda kupimia magunia. Umbo lililovunja rekodi katika utafiti wa Tübingen ni "delves", lenye s ya mwisho, lile linalokuja na kiima cha aina ya "makala hii" au "utafiti huu". Limepimwa katika ikisiri za sayansi, aina ya maandishi ambayo zamani ilikuwa ikilitumia kwa nadra mno, na ndiyo maana kuongezeka kwake kulionekana upesi. Ukilipeleka kwenye barua pepe ya mfanyabiashara wa Lagos au insha ya mwanafunzi aliyekulia kwenye vitabu vya zamani, kiwango cha kuanzia si kilekile. Pale ambapo watu walikuwa wakilitumia sana tangu awali, kuliona hakukuambii mengi. Barua iliyomfikia Graham haikuwa ikisiri ya tiba.

Nina rafiki mfasiri aliyenipa barua yake ya maombi niipitie, naye kabla sijafungua akaniomba nimwondolee "delve" popote nitakapoliona. Lilikuwapo mara moja, tena limekaa vizuri, likieleza alivyozama kwenye nyaraka za kisheria kwa miezi kadhaa. Tukaliondoa. Kilichoingia badala yake kilikuwa cha kawaida zaidi na cha uongo kidogo, kwa sababu alikuwa amechimba kweli, na sentensi mpya ilisema alisoma.

Kwamba wanaoumia na upelelezi wa aina hii ni waandishi wa lugha ya pili si hisia tu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha 91 zilizoandikwa kwa ajili ya mtihani wa TOEFL, ambao hufanywa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha katika programu saba za kutambua maandishi ya akili mnemba. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 60 ya insha hizo, zote zikiwa za binadamu, zilihukumiwa kuwa za mashine. Insha 89 kati ya 91 zilishtakiwa na angalau programu moja. Insha za wanafunzi wa Marekani wa darasa la nane, zilizopitishwa kwenye programu hizohizo, zilitambuliwa karibu zote kuwa za watu. Sababu yake haina siri. Programu hizo hutazama jinsi neno linalofuata linavyotabirika. Mtu mwenye msamiati finyu hutumia maneno yanayotabirika, na mashine hufanya vivyo hivyo kwa sababu zake nyingine. Watafiti wakafanya kitu cha ajabu kidogo: waliiomba ChatGPT izitajirishe insha zile kwa msamiati wa juu zaidi. Idadi ya mashtaka ya uongo ikaporomoka.

Liangalie jambo hilo kwa upande wa aliyeandika. Akitumia maneno mepesi, programu inamkamata kwa sababu anatabirika. Akipanda juu akatumia neno zito alilolipata kwa kusoma, msomaji mwenye orodha ya maneno yaliyolaaniwa anamkamata kwa sababu hatabiriki vya kutosha kwa mtu wa asili yake. Katikati pamebaki uchochoro mwembamba, Kiingereza kile kile cha mzaliwa aliyestarehe, chenye utani wa nyumbani na ufupi wa kujiamini, na wazawa huzaliwa ndani ya uchochoro huo. Wengine wanatakiwa waupate gizani. Hata OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walipotoa kitambuzi chao Januari 2023 walikiri kwamba kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kwamba kiliwasingizia binadamu kwa asilimia 9 ya maandishi yao. Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Ikiwa aliyeijenga mashine alishindwa kuitambua sauti yake akiwa na kompyuta zake zote, sioni kwa nini mhariri mwenye neno moja mkononi ajiamini kuliko yeye.

Upande wa watetezi nao kuna hoja ninayoiona ikipendwa kupita uwezo wake. Inasema kwamba mashine ililipata neno hili Afrika: kampuni za Marekani ziliwatumia wafanyakazi wa ujira mdogo katika nchi za Kiafrika zinazozungumza Kiingereza ili kuisahihisha mashine, wakaifundisha Kiingereza chao rasmi, na sasa Waafrika wanashtakiwa kwa kuzungumza kama mashine waliyoilea. Ni hadithi yenye mafumbo matamu, na sehemu ya mwisho ina uchungu wa kweli. Lakini ushahidi wake ni mwembamba. Kazi ya Kenya iliyoripotiwa na jarida la Time Januari 2023, yenye malipo ya chini ya dola 2 kwa saa, ilikuwa ya kuyatia alama maandishi ya ukatili na unyanyasaji ili mashine ijifunze kuyaepuka. Watu wale walisomeshwa uchafu wa dunia kutwa nzima. Hawakuwa wakichagua vitenzi. Kwamba hatua ya kuipa mashine maksi kwa majibu yanayopendwa na binadamu inaweza kuvimbisha maneno fulani, hilo lina mantiki na watafiti wanaliandama. Kuruka kutoka hapo hadi kusema "delve" lilitoka Lagos au Nairobi ni kufanya kosa lilelile tunalolilalamikia: kuokota neno moja na kulitafutia mtu wa kumbebesha.

Basi msomaji wa maombi au mwalimu mwenye insha 40 mezani afanye nini? Apeleke macho mahali ambapo mashine inakosea kwa namna ambayo binadamu mkweli hakosei. Marejeo ya vitabu visivyokuwapo. Nukuu ambazo hakuna aliyezisema. Aya tatu zinazozunguka jambo bila kuligusa, ilhali mtu aliyelifanya angetaja siku mvua ilipoharibu vipimo vyake. Amwite mwandishi amuulize kuhusu sentensi ya nne. Ni kazi inayochosha na hainunuliki kwa usajili wa mwezi, na bila shaka ndiyo maana orodha za maneno zina soko. Lakini wanaotumia orodha hizo wanapaswa kujua kwamba zinaoza haraka. Wachunguzi waliofuatilia ikisiri za arXiv, hazina nyingine ya makala za sayansi, waliona kwamba "delve" lilianza kupungua mara tu lilipopigiwa kelele mwanzoni mwa mwaka 2024. Waliokuwa wakinakili kutoka kwenye mashine walijifunza kulifuta. Mwenye hila ana dakika mbili za kulitafuta na kulibadilisha; anayebaki nalo ni yule ambaye hakujua kwamba ni kosa, kwa sababu aliliandika mwenyewe.

Wachunguzi haohao waliona jambo jingine ambalo halikupigiwa kelele. Maneno mengine yanayopendwa na mashine hayakupungua, na mojawapo ni "significant", yaani "-enye uzito", ambalo liliendelea kupanda. Hili haliwezi kuingia kwenye orodha ya mtu yeyote. Bila hilo mwanatakwimu hawezi kueleza tofauti ambayo si rahisi kuieleza kwa bahati tu, na daktari hawezi kuandika kwamba dawa imefanya kazi.